Kiti cha Kwenye Mbu

Kila ninaposikia harufu ya mavi makavu ya ng'ombe yakiungua polepole, wenzangu huziba pua, mimi huangalia ni nani aliyekaa nje ya moshi. Tabia mbaya, najua. Juzi jioni tulialikwa kwenye ubatizo, na zile dawa za mbu za kuzungushwa kama konokono zilipokwisha, mwenye nyumba, mama wa rika langu, akaleta sufuria kuukuu yenye makaa na vipande vya mavi makavu, akaiweka katikati ya viti. Vijana wakalalamika kwamba nguo zao zitanuka. Mimi nikaanza kukagua viti: nani amewekwa wapi, nani amemweka pale, na kwa nini. Binti yangu akaninong'oneza, "Mama, umeanza tena." Kweli nilikuwa nimeanza tena. Ukaguzi huo nilijifunza nikiwa mtoto, mtaani Ngezi, katika lupango, ule uwanja wa nyumba ya wazazi wangu, msimu ule nilipokuwa na hakika kabisa kwamba shangazi yangu anamuua mtu kwa kutumia mbu.

Ninyi mliokulia Bunia miaka ile mnazikumbuka jioni zetu. Nyumba ilikuwa ya kulala na ya kukimbilia mvua. Maisha yenyewe yalikuwa uani. Jua likishuka viti vinatolewa, Mama anachambua maharage, Baba anaibembeleza redio yake ambayo betri zake zimeshinda zimeanikwa juani ili zipate nguvu, na wageni wanaingia bila kubisha. Mbu nao waliingia bila kubisha. Kwetu walikuwa wengi kupita kwa majirani, kwa sababu maji ya kuogea yalitiririka hadi kwenye kona ya migomba, yakasimama pale, yakawa ya kijani. Kona ile hata mbwa aliiepuka jioni. Ungepita pale haraka haraka ukienda chooni, nao wangekusindikiza kwenda na kurudi.

Moshi ulikuwa kazi ya Shangazi Kabonesa, dada mkubwa wa Baba, aliyeishi nasi. Sisi ni watu wa ng'ombe, na Baba alikuwa ananunua na kuuza ng'ombe, kwa hiyo mavi makavu hatukuyakosa. Wachungaji wa njia ya Irumu walituletea kwenye gunia. Shangazi alikuwa na beseni la chuma lililotoboka. Aliweka makaa chini, mavi juu, kisha majani mabichi kidogo, na hakuruhusu moto uwake hata mara moja. Alitaka moshi tu, ule mzito wa buluu unaotambaa chini na kukwama kwenye nywele. Aliusoma upepo kuliko mtu yeyote. Akisukuma beseni kidogo kwa fimbo, moshi ulipita mgongoni kwa Baba bila kumgusa macho. Akilisukuma tena kidogo, ulikwenda mahali pengine. Niliwahi kumwona mgeni mmoja mwenye maneno mengi akiaga mapema, macho mekundu, huku anaulaumu upepo. Mimi sikuulaumu upepo. Nilimwangalia Shangazi, na Shangazi alikuwa anaangalia pembeni.

Niseme wazi kwamba nilikuwa mtoto wa kushuku. Nikipewa kipande kikubwa cha muhogo nilijiuliza wamekula nini kabla sijafika. Watu wakinyamaza ninapoingia, nilirudi kinyumenyume na kusimama nyuma ya mlango. Nyumbani waliniita Zandarme, yaani askari polisi, na jina hilo sikulichukia hata kidogo. Nilijua nani alimkasirikia nani, nani alificha nini chini ya godoro. Nilikuwa najua kila kitu cha lupango ile, au ndivyo nilivyoamini.

Msimu huo dada yangu mkubwa, Furaha, niliyemwita Yaya kama wakubwa wanavyoitwa kwetu, alikuwa na wachumba wawili. Mmoja hatukuwahi kumwona. Alikuwa mtoto wa ukoo wenye ng'ombe wengi upande wa Irumu, na kwa niaba yake alikuwa anakuja mjomba wake, mzee mnene mwenye abakosti, lile koti lisilovaliwa na tai, iliyombana shingo, aliyekaa karibu na Baba kwenye moshi mzuri na kuzungumza juu ya malisho. Wa pili alikuja mwenyewe. Jina lake Ukelo, kijana mrefu wa upande wa Mahagi, ambaye ndugu zake walivua samaki ziwani na yeye alipanda nao juu ya kamio, malori ya mizigo, kuja kuwauza Bunia. Nilimpenda kwa sababu alinisalimia kwa kunipa mkono, kama mtu mzima. Baba hakumchukia, lakini alimcheka.

"Muntu ya samaki," alisema Ukelo alipokwisha kuondoka mara ya kwanza. "Ile mahari yake itakuja ikiogelea?"

Desturi yetu mnaijua. Kijana anakuja jioni, anakaa mbele ya wakubwa, anazungumza na baba wa msichana. Msichana anatoa maji, anapiga goti, anarudi kukaa nyuma ya akina mama. Kama wana la kuambiana, waambiane watakapooana. Na katika duara letu la moshi kila mtu alikuwa karibu na kila mtu, maana nje ya moshi hapakaliki. Ukimeza mate jirani yako anasikia. Kwa hiyo nilishtuka mara ya pili Ukelo alipokuja, Shangazi alipoinua fimbo yake na kuonyesha kona ya migomba.

"Mugeni iko anasikia joto," alisema. "Muweke kiti yake kule. Kule iko upepo."

Hapakuwa na upepo wowote. Palikuwa na mbu. Ukelo akaenda akakaa, akatusalimia tena kwa mbali, na mara nikaanza kuuona mkono wake ukipiga shingo, kisha mguu, kisha sikio. Baba akatabasamu na kuongeza sauti ya redio. Nilidhani ukatili umeishia hapo, lakini Shangazi alikuwa bado.

"Furaha! Mbu itamaliza mugeni, halafu bantu baseme siye hatuna heshima. Kamata tawi, wende umufukuzie."

Yaya Furaha akachukua tawi la mkalitusi, akaenda akasimama kando ya kiti cha Ukelo, akaanza kupunga. Wakabaki pale jioni nzima mbele ya macho yetu wote, yeye anapunga, Ukelo anajikuna. Damu ilinichemka. Dada yangu, aliyekuwa amesoma hadi sekondari, amegeuzwa mfukuza mbu! Na jioni nyingine tena hivyo hivyo, na nyingine. Kila Ukelo alipoingia, kiti chake kilikwenda migombani, na Furaha alifuata na tawi. Nikaelewa, kama nilivyoelewa mambo yote, kwamba Shangazi anamfukuza kijana huyu ili mzee wa abakosti ashinde. Shangazi si alikuwa mtu wa ng'ombe kuliko sisi wote? Samaki hakuwahi kumtia kinywani.

Kisha nikapata ushahidi. Jioni moja, kabla wageni hawajafika, nilikuta mlango wa jiko umefungwa, jambo ambalo kwetu halikutokea mchana wala jioni. Nikaweka jicho kwenye ufa. Shangazi alikuwa amepiga magoti mbele ya Yaya Furaha, anampaka miguuni mafuta ya ng'ombe yaliyochanganywa na majani fulani yaliyotwangwa, yenye harufu kali ya kukata pua. Alimpaka vifundo, mikono, shingo, nyuma ya masikio, taratibu, kama mtu anayefanya kazi asiyotaka ikosewe.

"Usitikisike," alisema. "Na weye, isifike kwa masikio ya Zandarme."

Nikatoka pale kwa kunyata. Kwa nini isifike kwangu, kama ni kitu chema? Usiku ule nilikagua miguu ya Yaya tukiwa kitandani: haikuwa na alama hata moja, na alikuwa amesimama katikati ya mbu jioni nzima. Ukelo aliondoka shingo imevimba. Hesabu ilikuwa rahisi. Ile ilikuwa dawa ya kuwatuma mbu wote kwa Ukelo. Nikamuuliza Yaya kama Shangazi anamchukia. Akacheka ndani ya shuka, akacheka hadi kitanda kikalia, akaniambia, "Lala, Zandarme." Nikashuku kwamba dawa imeshampanda kichwani.

Mnakumbuka pia yale masomo ya afya shuleni. Mwalimu wetu alikuwa amechora mbu ubaoni, mkubwa kama kuku, mkia juu, akatuambia huyu ndiye anayeleta malaria, na malaria inaua. Wenzangu walicheka ule mkia. Mimi sikucheka, maana nilikuwa nimeshamwona mtu aliyewekwa kwenye kiti kwa ajili hiyo. Nilisubiri. Na kweli, baada ya muda, Ukelo akaacha kuja. Jioni ya kwanza Shangazi aliangalia njia mara nyingi. Jioni zilizofuata Yaya Furaha alikaa nyuma ya akina mama, mikono mapajani, tawi lake la mkalitusi limekauka ukutani. Mama alirudi sokoni na habari: kijana wa samaki amelala kwa wenzake wa ziwa, ana malaria, hawezi hata kusimama. Yaya aliinuka akaingia ndani. Shangazi akasahau beseni, na moto ukawaka, kitu ambacho hakikuwahi kutokea.

Nikasema moyoni, anaogopa. Amefanikiwa kupita alivyotaka.

Jioni ile mzee wa abakosti alipokuja kuchukua neno la mwisho, nilijua kwa sababu Mama alivaa kikwembe cha kanisani na Baba alizima redio. Mzee alieleza urafiki wa familia zetu. Baba akakohoa, akaanza, "Muzee, siye tumefikiri..." Yaya Furaha alikuwa amesimama mlangoni na trei ya chai, na vikombe vilikuwa vinagongana. Sikuweza kuvumilia.

"Baba," nilisema, nimesimama katikati ya moshi, "Ukelo iko anakufa. Ni Shangazi njo anamuua."

Mama alitaka kunishika mdomo. Baba akainua mkono. "Weye unasema nini?"

Nikasema yote. Kiti, migomba, mafuta, mlango wa jiko, mbu wa mwalimu na mkia wake. Nilisema nikilia, moshi ukanisaidia. Nilipomaliza hakuna aliyecheka. Watu wote walimwangalia Shangazi, nami nikamwangalia, nikingoja akane.

Alikuwa anasukuma beseni kwa fimbo, polepole.

"Mutoto anasema kweli," alisema.

Hata mimi sikutegemea hivyo.

"Ni miye niliweka mugeni yako kwa mbu," akaendelea, akimwambia Baba. "Moshi yangu nilionea muntu ya samaki choyo. Sasa iko anaumwa. Bantu ya ziwa banasema nini kwa soko? Banasema, kule kwa bale bantu ya ng'ombe, mugeni anakuwa chakula ya mbu. Na huyu muzee amesikia kwa masikio yake. Habari itafika Irumu mbele ya yeye mwenyewe."

Mzee wa abakosti akavuta miguu yake chini ya kiti. Akamtazama Shangazi kwa muda, macho yamefinywa, kama anayepima ng'ombe aliyefichwa kilema, na niliona naye ni mtu wa kushuku kama mimi. Baba aliogopa aibu kuliko ugonjwa. Mgeni kuumia katika lupango yako, na wewe unakunywa chai na wageni wengine! Akamwambia mzee, "Neno itangoja. Kwanza nione mugonjwa." Mzee akaaga bila kungoja chai.

Asubuhi Baba alijaza maziwa kwenye kibuyu, akanichukua mimi. Mshitaki lazima awepo, alisema, na sikujua kama ananidhihaki. Ukelo alikuwa amelala katika chumba kidogo kilichonuka samaki na kinini, amekonda, macho ya manjano. Alipomwona Baba alijaribu kusimama.

"Muzee, ni weye mwenyewe umekuja?"

"Lala tu," alisema Baba. "Nilisikia mbu ya kwangu njo ilikuangusha."

Ukelo akacheka, kikohozi kikamkatiza. "Hapana, Muzee. Hii malaria nilitoka nayo ziwani. Mbu ya kule inapita ya kwenu. Shangazi hana kosa."

"Walikuweka vibaya, lakini."

"Vibaya?" Alikuwa na homa, na nadhani ndiyo sababu hakuchunga ulimi. "Muzee, ile kiti njo nafasi muzuri kupita zote za kwako. Nikipona, kama munaniruhusu kurudi, munirudishe tu pale pale."

Baba alimnywesha maziwa kwa mkono wake mwenyewe. Ukelo, ambaye watu wake hawajui sana maziwa, aliyanywa yote bila kukunja uso. Kwetu, ukishampelekea mtu maziwa kitandani, ni vigumu baadaye kumkuta njiani ukajifanya humjui, na nilianza kushuku kwamba Baba amelikumbuka jambo hilo akiwa amechelewa.

Tukashika njia ya kurudi. Karibu na nyumbani Baba akasimama katikati ya njia, kibuyu kitupu mkononi.

"Zandarme."

"Baba."

"Pale kwa migomba, benyewe balikuwa banasema nini?"

Nikafungua kinywa kujibu, maana swali lolote kuhusu lupango yetu lilikuwa langu.

"Sijue, Baba."

"Weye? Hujue?"

"Mbu ilikuwa mingi. Sikuweza kukaribia."

Baba akaniangalia, kisha akaangalia paa la nyumba yetu lililokuwa linaonekana juu ya ua wa miyenzi. "Hata miye," alisema pole pole. "Hata muntu yoyote."

Hapo ndipo nilipoelewa. Jioni zote zile tulikuwa tunawaona, na hakuna aliyewasikia. Hakuna mzee angehamishia kiti chake pale, hakuna mama angepeleka maharage yake pale, hata mimi Zandarme sikuthubutu. Shangazi alikuwa amewatafutia mahali pa kuzungumza mbele ya macho yetu, na mlinzi wa mahali hapo alikuwa mbu. Mafuta yalikuwa ya kumkinga dada yangu, basi, na lile kosa alilikubali mbele ya mzee ili neno la mwisho lisitoke. Ukelo ndiye aliyevumilia bila kinga, na alirudi kila mara. Lakini sasa Baba naye amejua, na Baba alikuwa mtu wa kukasirika akigundua amechezewa uani kwake. Nilijua ya Shangazi yamekwisha, na ya Yaya pia, na ng'ombe wa Irumu watakuja.

Jioni viti vilitoka kama kawaida. Shangazi aliwasha beseni lake bila kuinua macho. Nadhani aliuona uso wa Baba tangu alipoingia. Baba hakukaa. Alichukua kiti chake mwenyewe, kile cha kukunja ambacho hakuna aliyeruhusiwa kukigusa, akavuka moshi, akakipeleka kwenye kona ya migomba. Akakaa. Akajipiga kofi shingoni.

"Furaha," aliita. "Kuja hapa. Kamata tawi."

Yaya alikwenda kama mtu anayekwenda kuchapwa. Akasimama, akapunga. Baba akasema kitu. Yaya akainamisha kichwa. Baba akasema tena, na safari hii Yaya akajibu, kisha akajibu kwa kirefu, mkono wa tawi umeanguka kabisa, na mbu sasa walikuwa wanamla yeye pia. Mama aliacha maharage. Nilijongea hatua moja, mbu wakanirudisha.

"Shangazi, banasema nini?"

"Nitajuaje? Iko mbali."

Walikaa hadi ndege wote walipokwisha kunyamaza. Baba aliporudi, masikio yake yalikuwa mekundu na alikuwa anajikuna viwiko vyote viwili. Hakumwangalia Shangazi. Alizungumza na redio yake.

"Bantu ya ziwa, batume neno. Bakuje. Na ule muzee ya abakosti, miye mwenyewe nitamuambia."

Yaya Furaha alibaki migombani, uso ndani ya kikwembe, mabega yanatikisika, na Mama akaondoka ndani ya moshi kwenda kumshika. Nilifurahi mpaka nikataka kuruka. Nilimkalia Shangazi karibu, nikamwegemea, ingawa sikujua kama ameshanisamehe kwa kumwita muuaji mbele ya wageni. Hakunisukuma. Lakini maswali hayakuniacha, ndivyo nilivyo.

"Na weye, Shangazi, wakati yako, nani alikukalisha kwa mbu?"

Aliweka kipande kingine cha mavi juu ya makaa, akakifunika na majani, akangoja mpaka moshi ukatoka vizuri.

"Hakuna," alisema. "Miye balinikalisha ndani ya moshi, katikati ya bamama. Mbu hata moja haikuniuma. Sauti ya ule mwanaume alinioa nilisikia mara ya kwanza kwake, mulango imekwisha kufungwa."